Ukingo wa Shamba: Nyuki wa Porini kati ya Kitale na Bungoma



Ukitoka Kitale kwenda Bungoma kwa barabara ya Kiminini, unapita mahindi, halafu mahindi, halafu miwa. Mazao haya hayamdai nyuki chochote. Mahindi huchavushwa na upepo. Muwa unapandwa kwa kipande cha shina. Nadhani ndiyo maana tumelima miaka yote hii bila kumtazama mdudu huyu, na hata akipungua hakuna gunia linalopungua ghalani.

Lakini sasa tunapanda pasheni, parachichi na nyanya. Hapo ndipo mkulima anapoona maua tele na matunda haba, kisha analaumu mbolea.

Ninaposema nyuki wa porini simaanishi yule wa mzinga. Dunia ina spishi za nyuki zipatazo 20,000, na wengi wao huishi kivyao: jike mmoja, tundu lake, watoto wake. Hawana asali ya kurina, kwa hiyo hawana mtetezi. Ila wana kazi ambazo nyuki wa asali haziwezi kuzifanya. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya vifuko vyenye kitundu nchani. Nyuki akilikumbatia ua na kulitetemesha, ndipo chavua inapomwagika vizuri. Ua la pasheni nalo ni pana mno kwa nyuki wa asali, anayeweza kuchota chavua bila kugusa pale inapotakiwa kufika. Linamfaa yule mweusi mnene atoboaye mbao, ambaye nyumbani tunamfukuza kwa sababu anaharibu boriti. Kumwambia mkulima wa pasheni aweke mizinga tu ni kumpa nusu ya dawa.

Je, shamba ndilo adui? Hapa nataka tusikimbilie jibu. Watafiti Melanie Hagen na Manfred Kraemer, katika kazi waliyochapisha mwaka 2010 kuhusu msitu wa Kakamega, jirani yetu, walikuta nyuki wengi zaidi katika mashamba yaliyouzunguka msitu kuliko ndani yake. Mashamba yale ni madogo, yana ua wa miti, magugu yenye maua na vijia vya udongo mtupu. Nyuki wengi hupenda jua. Kwa hiyo kugawanywa kwa mashamba makubwa ya walowezi huku kwetu Trans Nzoia, jambo ambalo wataalamu wengi hulisikitikia, huenda kuliwaletea nyuki heri: kila mpaka mpya ulikuwa ukingo mpya.

Kinachoniogopesha ni ukingo wenyewe kufutwa. Trekta inalima hadi kwenye waya, na plau ikigeuza sentimita 20 za udongo inafukua viota vya nyuki wachimbao ardhini. Dawa ya magugu inamaliza kishona nguo na alizeti mwitu ya kando ya barabara. Kuni kavu, ambamo mtoboa mbao alitaga, zinaishia mekoni. Hata nyumba zetu zimo katika hesabu hii: ukuta wa udongo uliokandikwa ulikuwa makazi ya baadhi ya nyuki wapweke. Simwambii mtu abaki na nyumba ya udongo. Lakini ukuta wa saruji hautobolewi, na nyuki mdogo haruki mbali. Wengine hawavuki mita mia chache kati ya kiota na chakula.

Kisha kuna viwavijeshi vamizi, waliotuingilia 2017, na pampu za dawa walizotuzoesha. Nimesema mahindi hayamhitaji nyuki. Nyuki, hata hivyo, huyaendea mahindi. Yakitoa mbelewele, huja kuchota chavua. Anayenyunyizia wakati huo anamwua mchavushaji wa nyanya za jirani yake.

Kitale ingefaa kuongoza katika jambo hili. Makumbusho yake yalianza na mikusanyo ya Stoneham, mlowezi aliyefungua makumbusho yake binafsi mwaka 1926 akiwa na wadudu wengi makabatini. Vijana wetu wa shule wangeweza kuanza kuhesabu wale walio hai, mpaka kwa mpaka.

Kwa wenye pasheni, neno moja la kazi. Ile ya zambarau hufungua maua alfajiri na kuyafunga kabla ya adhuhuri; ya manjano hufungua adhuhuri hadi usiku. Mwenye zambarau akipiga dawa saa tatu asubuhi, anamkuta nyuki ndani ya ua.