Hata Ukweli Wetu Upimwe

Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja mbele ya wanaharakati na waumini, Kikima, Mbooni



Nimeombwa niseme juu ya maadili ya uandishi wa habari. Nitaanza na yaliyowapata waliotutangulia. Mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, ambapo mwenye foleni fupi aliweza kutangazwa mshindi, jarida la Beyond la Baraza la Kitaifa la Makanisa lilieleza bayana udanganyifu uliotendeka. Serikali ililipiga marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo, si kwa kusema uongo, bali kwa kutowasilisha hesabu za mauzo. Mwaka 1990 Gitobu Imanyara wa Nairobi Law Monthly alitiwa kizuizini, na jarida lake nalo likapigwa marufuku.

Tafakarini jambo hilo. Dola yenye polisi na redio ilimwendea mhariri kwa njia ya karatasi za hesabu. Habari iliyothibitishwa ni ngome. Habari ya uvumi ingewapa watesi wake silaha waliyoitafuta.

Kifungu cha 2A kilichohalalisha chama kimoja kilifutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010, katika Ibara ya 34, inalinda uhuru wa vyombo vya habari. Lakini Ibara ya 35 inampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomdhuru zisahihishwe au zifutwe. Imesema kila mtu, ndugu zangu. Haikumtenga mpinzani wetu.

Sasa niungame. Miaka kadhaa iliyopita kikundi nilichokuwa mwanachama wake kilichapisha karatasi iliyodai kuwa mtumishi mmoja wa umma amekula fedha za basari. Niliisoma kabla haijachapishwa. Kortini singekubali mteja wangu ahukumiwe bila kusikizwa. Siku ile nilikubali, kwa sababu mtu huyo alikuwa wa upande wa pili. Baadaye ilibainika kwamba fedha hizo hazikuwa zimefika kabisa. Wakati huo mtu yule alikuwa ameacha kuja kanisani kwa aibu. Sisi tuliomba radhi kwa mistari mitatu, ukurasa wa mwisho.

Ninyi mnaolima katika vilima hivi mnajua kwamba tuta la juu likibomoka, maji hayaishii hapo. Hushuka yakibomoa na ya chini. Ndivyo uongo mmoja unavyobomoa imani ya msomaji hata kwa yale tuliyoyasema kweli.

Basi mwandishi mwema ashike mambo manne. Kwanza, athibitishe. Torati yenyewe haikuruhusu mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja. Kwa nini sisi turidhike na mmoja? Pili, amsikilize anayetuhumiwa kabla ya kuchapisha, na ampe nafasi ya haki ya kujibu. Tatu, asipokee bahasha. Mwanasiasa anayemlipa mwandishi "nauli" baada ya mkutano ameinunua kalamu yake, hata kama mwanasiasa huyo ni wa chama chetu. Nne, akikosea asahihishe upesi, mahali panapoonekana. Maadili haya yaliwekwa pia katika kanuni zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Si hisani ya mhariri.

Wengine watasema kuwa wenye mamlaka wana magazeti na vituo vya redio, nasi tuna karatasi hii tu, kwa hiyo tusijifunge mikono. Nawajibu: kwa kuwa tuna karatasi hii tu, hatuna kingine cha kutuokoa isipokuwa kuaminika. Tulidai vyama vingi ili pasiwe na mtu asiyeweza kuulizwa. Hatukusema kwamba sisi tusiulizwe.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Kuanzia toleo lijalo, kila kosa la jarida hili lisahihishwe katika ukurasa wa kwanza. Na kila mmoja wetu, kabla ya kusambaza ujumbe kwa simu yake, ajiulize: nani ameshuhudia, na je, anayetajwa amesikizwa?

Mtu yule tuliyemchafulia jina bado anaishi nasi. Nilimwendea nyumbani, akanipokea. Nisingependa mwingine wetu aende na mzigo kama ule.