Lori Tupu na Upepo wa Marsabit

Katika nchi jirani ya Kenya, kaskazini mwa mji wa Marsabit, barabara kuu iendayo Moyale hukatiza nyika ya mawe iitwayo Dida Galgalu. Kwa masafa marefu hapana mti wa kukinga upepo. Kwa miaka mingi malori yaliyopita huko yalikwenda kwa misafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha kwa kuhofia majambazi. Sasa lami imekwisha kuwekwa, na mwendo umekuwa wa kasi. Lakini kasi hiyo imekutana na adui ambaye bunduki haimzuii, nao ni upepo wa ubavuni.

Upepo wa huko si wa kubahatisha. Hewa itokayo upande wa Bahari ya Hindi, kusini-mashariki, hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ikapita kwa nguvu kama maji yapitavyo penye mlango mwembamba wa mto. Huvuma karibu mwaka mzima, na aghalabu huwa mkali zaidi usiku hadi asubuhi, yaani saa zile zile ambazo dereva mwenye shehena hupenda kusafiri ili aepuke joto. Na kwa kuwa barabara hiyo huelekea kaskazini-mashariki, upepo huipokea gari ubavuni, si usoni wala mgongoni.

Atakaye ushahidi wa ukali wa upepo huo na atazame upande wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana. Huko Kenya imesimamisha mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwezi Julai 2019. Kila mtambo una mapanga matatu, kila panga urefu wa mita 25 hivi. Mapanga hayo, zaidi ya elfu moja, yalipakuliwa katika bandari ya Mombasa na kupandishwa kwa malori hadi huko, kilomita zaidi ya 1,000. Mahali palipochaguliwa kwa sababu ya ukali wa upepo, ilibidi pafikiwe kwa magari marefu ambayo upepo ndio hatari yake kubwa.

Hapana budi kuisema hatari hiyo kwa usahihi, maana wengi huielewa kinyume. Askari wa usalama barabarani amezoea kulitilia shaka lori lililozidisha mzigo. Hulipeleka kwenye mizani, hulikagua matairi na breki. Lori tupu hupungiwa mkono lipite. Ndani ya upepo mkali mambo hugeuka: lile lenye mzigo wa halali uliofungwa vizuri husimama imara kwa uzito wake, na lile tupu ndilo lililo mashakani.

Tela lenye ubavu wa mita 12 kwa mita 3 huupa upepo ukuta wa mita za mraba 36. Upepo wa kilomita 36 kwa saa huusukuma ukuta huo kwa nguvu ya robo tani hivi. Ukifikia kilomita 72, nguvu haiongezeki mara mbili bali mara nne, ikawa kiasi cha tani moja. Na kwenye kilomita 90 hukaribia tani moja na nusu. Msukumo huo hulipata tela juu, mbali na ardhi. Matairi ya upande upepo utokako hupungukiwa na uzito, na ikitokea kona, shimo au ukingo wa barabara ulioinama, gari hulala. Manahodha wa majahazi walilijua jambo hili kabla ya injini kuvumbuliwa. Hawakung'oa nanga na ngama tupu bila kwanza kutia farumi.

Kwa majeshi hesabu hii ina uzito wa pekee. Askari 20 pamoja na zana zao hawazidi sana tani mbili. Kwa hiyo lori la kubeba askari, lenye turubai refu juu ya matao, mbele ya upepo ni karibu sawa na lori tupu. Tofauti ni kwamba limebeba watu. Turubai lililofungwa nusu ni baya kuliko lote, kwa kuwa upepo huingia na kulijaza kama tanga. Ama lifungwe barabara, ama gari likirudi bila watu livuliwe na kukunjwa. Kontena tupu nalo lisikaguliwe milango tu, bali na vifungo vinne vya pembeni vinavyolishika kwenye tela.

Dereva huponzwa pia na utulivu wa ghafla. Akiupinga upepo kwa usukani, kisha akapita nyuma ya kilima au kando ya basi kubwa, upepo hukatika na gari humvuta kuelekea upande aliokuwa akiupinga. Akitoka penye kinga hiyo hupigwa upya. Ndiyo maana kupunguza mwendo na kuongeza nafasi kati ya gari na gari ni lazima, na kulipita gari jingine ni wazimu.

Hata hivyo dereva mzuri hawezi kuokoka ikiwa amri aliyopewa ni kufika tu. Katika msafara, mwenye cheo hukaa gari la mbele, pengine dogo na fupi, asihisi kinachomsumbua dereva wa lori la sita. Dereva huyo apewe haki ya kusema gari halishikiki, na neno lake litoshe kuusimamisha msafara. Wakisimama, pua za magari zielekezwe upepo utokako, na watu wasipumzike upande wa pili, ambako lori litaangukia.

Kufunga njia nako hakutoshi pasipo mtu wa kukilinda kizuizi. Huko Uskochi, tarehe 11 Januari 2017, daraja la Forth lilikuwa limefungwa kwa magari marefu kwa sababu ya upepo. Dereva mmoja wa lori akaingia hata hivyo, lori likapinduliwa, na daraja likazibwa kwa kila mtu kwa saa nyingi. Dereva alifikishwa mahakamani.

Hapa Tanzania, Makambako na Singida ni sehemu zilizokwisha kupimwa kwa ajili ya mitambo kama ile ya Loiyangalani, nazo zote ziko kwenye njia kuu za malori. Siku mitambo hiyo itakapopandishwa kutoka bandarini, askari ndio watakaoisindikiza. Malori yatakayoipeleka yatarudi matupu.