Fimbo Haitibu Moyo

Ndugu walimu na ndugu watumishi wa umma wa Busisi,

Shuleni hakosekani mtoto ambaye wenzake humwita goigoi. Wakikimbia, yeye huchuchumaa kando ya kiwanja akihema. Pengine midomo na ulimi wake huelekea rangi ya buluu. Mwalimu humdhania mvivu. Jirani humdhania amerogwa. Kumbe huenda mtoto huyo amezaliwa na kasoro ya moyo.

Moyo wa binadamu una vali nne, yaani milango midogo inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Mlango ukiwa mwembamba, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Usipofunga sawasawa, damu hurudi ilikotoka. Duniani, takriban mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo ya namna moja au nyingine. Wengine huonyesha dalili wangali wachanga. Wengine hawatambuliki mpaka wanapobalehe.

Ndugu zangu, aghalabu kasoro hizi zina tiba. Vali nyembamba ya kupeleka damu mapafuni mara nyingi hupanuliwa kwa puto linalopitishwa katika mshipa wa paja, bila kupasua kifua. Zamani wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India. Tangu mwaka 2015 nchi inayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Karibu zaidi, jijini Mwanza, ipo Hospitali ya Rufaa ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971. Wala maji ya ghuba si kizuizi tena: tangu Juni 2025, daraja la Kigongo-Busisi limeondoa adha ya kungoja pantoni.

Lakini daraja halimtambui mgonjwa. Anayemwona mtoto kila siku akicheza ni mwalimu. Basi mwalimu asimchape wala asimlazimishe kukimbia. Awaite wazazi, awaeleze alichokiona, awahimize kwenda kituo cha afya, ambako mganga atausikiliza moyo na kuandika rufaa inapohitajika. Naye mtumishi wa ustawi wa jamii amsikilize mapema mzazi asiye na uwezo, ili gharama zisiirudishe nyuma safari iliyokwisha kuanza.

Taifa limejenga hospitali na daraja. Kilichobaki ni jicho la huruma darasani, na hilo halingoji bajeti.