Boti Iliyofifia Si Boti Iliyokufa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mbingu, bonde la Kilombero)



Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, magari yaliacha kungoja pantoni ili kuvuka mto Kilombero kati ya Ifakara na Ulanga. Wako waliodhani kwamba tangu hapo vyombo vya majini havina kazi tena bondeni. Haikuwa hivyo. Mvuvi wa kambale na perege bado anahitaji chombo, na masika yanapofurika, yako mashamba yasiyofikika kwa gurudumu. Kwa sababu hiyo boti ya chama ni mali ya uzalishaji sawasawa na mashine ya kukoboa mpunga, nayo hapana budi itunzwe kwa utaratibu kama ule ule.

Shabaha ya mazungumzo haya ni boti kuukuu ya fibaglasi, ile ambayo rangi yake imepauka, imepoteza mng'ao, na mwenye kuigusa huondoka na unga mweupe mkononi kama aliyefuta ubao wa shule. Boti ya namna hiyo hupatwa na moja ya mabaya mawili. La kwanza, mkutano huiona imekwisha, ikauzwa kwa bei ya kutupa. La pili, hukabidhiwa fundi mwenye mashine na haraka nyingi, akaing'arisha siku moja na kuiharibu siku hiyo hiyo. Katika yote mawili hasara ni ya mwanachama aliyetoa hisa yake. Jambo hili lina uzito zaidi leo, maana tangu mwaka 2023 Serikali imewakopesha wavuvi na vyama vya ushirika boti za kisasa, na boti mpya ya leo ndiyo kuukuu ya kesho.

Kwanza ni lazima kufahamu mng'ao ni kitu gani. Si pambo, bali ni ngozi ya chombo. Wazee wa pwani walilijua hilo kabla ya fibaglasi kuwako: jahazi lilipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, sehemu ya chini inayokaa majini, na mbao za juu zikapakwa sifa, mafuta ya papa, zisipasuke kwa jua. Mfano mwingine ni meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande na kusafirishwa hadi Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 mitambo ilikuwa ingali mizima, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Tabaka la mafuta liliokoa chuma kilichokaa majini miaka minane.

Ngozi ya boti ya fibaglasi huitwa jelikoti. Ni tabaka la utomvu mgumu wenye rangi, na unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita tu. Jua huichoma sehemu yake ya juu kabisa ikageuka unga. Chini ya unga huo mara nyingi iko jelikoti nzima, ngumu na yenye rangi yake ya awali. Kazi ya mashine ni kuondoa ule unga mpaka sehemu nzima ionekane. Hapa ndipo penye fundisho kuu: kung'arisha hakuongezi kitu, hupunguza. Kila mara boti inapong'arishwa, ngozi yake huwa nyembamba kuliko jana. Chama chenye boti kuukuu kina akiba ndogo ya ngozi, nacho hakina budi kuitumia kwa ubahili.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi, katibu na wajumbe wawili wa kamati waikague boti wenyewe. Waioshe kwa sabuni na maji mengi, kisha sehemu ndogo iloweshwe tena. Ikiwa rangi inarudi inapokuwa na maji na kupotea inapokauka, hiyo ni dalili njema kwamba mashine itasaidia. Ikiwa nyuzi za fibaglasi zinaonekana, jelikoti imekwisha mahali hapo. Panahitaji kupakwa upya, wala si kung'arishwa. Ikiwa kuna malengelenge chini, au nyufa zilizotawanyika kama miguu ya buibui, kazi ya kwanza ni kuyatengeneza hayo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Boti inayong'aa huku ina ufa ni hatari kuliko iliyopauka, kwa kuwa huwatia abiria imani isiyostahili.

Isisahaulike pia kwamba si kila chombo kinafaa kwa kazi hii. Mtumbwi wa gogo hauna jelikoti. Boti ya mbao iliyopakwa rangi au vanishi ina tabaka jembamba ambalo mashine hulimaliza upesi. Hiyo hupigwa msasa na kupakwa upya. Chuma kilichoshikwa na kutu hakiponi kwa kung'arishwa.

Kazi yenyewe ifanywe kiangazi, boti ikiwa imevutwa juu mahali pakavu, chini ya kivuli. Jelikoti iliyopigwa na jua huwa ya moto, na dawa hukauka kabla haijafanya kazi. Mahali hapo pawe mbali na ukingo wa mto. Bonde la Kilombero limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu mwaka 2002, na hata kama lisingekuwamo, maji yenye unga wa utomvu na dawa si ya kumwagwa wanapozaliana samaki wa wanachama.

Mashine inayofaa ni ile ya kung'arishia inayorekebishika mwendo. Grenda ndogo ya kukatia vyuma isitumike kabisa: huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika, na huunguza ngozi ya boti kwa kufumba na kufumbua. Mashine ya kung'arishia huanza polepole, kama mizunguko 600 hadi 900, ili kutandaza dawa. Kisha huongezwa hadi 1,200 au 1,500. Fundi afanye eneo la kama sentimita 60 kwa 60, alimalize, ndipo ahamie lingine. Mashine isisimame mahali pamoja hata kidogo, na kwenye kingo na kona ipite kwa wepesi sana, kwa maana huko ndiko jelikoti inakotoboka kwanza. Namba ya usajili na jina la boti vifunikwe kwa utepe wa karatasi.

Kanuni ya dawa ni kuanza na iliyo laini. Ijaribiwe kwanza ile laini kabisa mahali pasipoonekana sana. Ikishindwa, itumike kompaundi ya kukwangua pamoja na kitambaa cha sufu. Ni pale tu kompaundi nayo inaposhindwa ndipo msasa wa maji utumike, kwa mkono na si kwa mashine, kuanzia namba 1,000, kisha 1,500, kisha 2,000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Baada ya msasa huja kompaundi, na baada ya kompaundi huja dawa laini kwa sifongo. Fundi anayeanza moja kwa moja na msasa mkali kwa kutaka kumaliza mapema anatumia akiba ambayo si yake.

Mwisho hupakwa nta. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi kwa kuwa boti tayari inang'aa, na wenye kulipa wameridhika. Lakini jelikoti iliyong'arishwa bila nta iko wazi kwa jua, na baada ya muda mfupi unga utarudi. Nta ipakwe mara mbili kwa mkono, na kurudiwa kila baada ya miezi michache. Maji yanapoacha kujikusanya kama matone juu yake, wakati wa kurudia umefika. Nta, tofauti na mashine, haipunguzi kitu.

Usalama wa mfanyakazi nao ni wajibu wa chama. Avae barakoa na miwani, maana unga huo haufai kuvutwa. Jenereta iwekwe mbali na maji, nyaya zisiwe na michubuko, wala mashine ya umeme isishikwe kwa mikono iliyolowa.

Ndugu Makatibu, yapo mambo matatu ya ofisini. La kwanza, fundi asilipwe fedha zote kabla ya kazi. Afanye kwanza kipande cha majaribio mbele ya kamati, na kipande hicho kiwe ndicho kipimo cha kazi yote. La pili, katika daftari la mali iandikwe tarehe, jina la fundi, dawa na msasa uliotumika, na mahali ambapo jelikoti imeonekana kuwa nyembamba. Bila maandishi hayo kamati ijayo itang'arisha tena mahali pale pale mpaka nyuzi zitokeze, na hakuna atakayejua ni nani aliyekula ngozi. La tatu, shauri la kuuza boti kwa sababu ya uchakavu lisipelekwe kwenye mkutano mkuu kabla boti haijaoshwa na kukaguliwa. Mwanachama ana haki ya kujua kama anachouza ni chombo kibovu au ni chombo kichafu.

Turubai la kuifunika boti isipokuwa kazini, maji safi na sabuni, na kopo la nta ni gharama ndogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Boti iliyofunikwa na kupakwa nta haihitaji mashine mara kwa mara, na hiyo ndiyo njia ya mali ya leo kuwafikia wanachama wa kesho ikiwa bado na ngozi yake.