Moto wa Oktoba Huzimwa Mwezi Mei

Vijana wenzangu, na wewe ndugu msomaji uliyeshika gazeti hili hapo kijiweni,

Najua unajiuliza: misitu inanihusu nini mimi ninayehangaika na nauli ya daladala na kodi ya chumba? Subiri. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, na Ruvu hulishwa na milima ya Uluguru. Umeme wa Hale na New Pangani Falls unategemea mto Pangani, unaopokea maji ya Kilimanjaro na Meru. Msitu ukiungua kule juu, wewe huku chini ndiye mlipaji. Hutaletewa ankara iliyoandikwa "moto". Utalipa kwa ndoo na kwa giza.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kwenye njia ya kupandia Kilimanjaro. Taarifa za awali za TANAPA zilisema ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Mamia ya watu walipanda kupambana nao, wakiwamo wanafunzi wa chuo cha Mweka. Tunawapongeza. Lakini hadi moto unakwisha, kilomita za mraba zipatazo 95 zilikuwa zimeungua. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Nauliza: mgeni anayebisha hodi mwezi ule ule utamwitaje dharura?

Watu wanalilia barafu ya Kilimanjaro. Wanasayansi waliouchunguza mlima ule kwa miaka mingi wanasema hasara kubwa zaidi ya maji iko msituni. Miti ya juu hunasa ukungu kwa majani yake, ukungu unadondoka kama mvua na kuzama ardhini. Tangu miaka ya 1970 moto umeisukuma mipaka ya juu ya msitu ule ishuke kwa mamia ya mita. Ukungu bado unapita, ila hakuna wa kuunasa.

Sasa tusidanganyane kwamba dawa ni moja. Misitu ya ukungu, kama ya Kilimanjaro na Uluguru, haikuumbwa kuishi na moto. Huko ni kusafisha barabara za kuzuia moto kabla ya kiangazi, kuweka walinzi, na kuwapa wapagazi mahali salama pa kupikia.

Miombo ni habari nyingine. Nyasi zake zitaungua tu, leo au kesho. Swali ni lini. Ukichoma kwa mpango mara mvua zinapokwisha, Mei au Juni, nyasi bado zina unyevu. Moto unatambaa chini, na umande wa usiku mara nyingi unauzima. Panabaki mabaka: hapa pameungua, pale pazima. Mnyama anapata majani mabichi na pa kujificha, na mche wa mninga au mpingo unapona. Ukiacha hadi Septemba au Oktoba, moto ule ule unakuwa tanuri, unaua miche yote na kuwafukuza wanyama.

Nani atafanya kazi hiyo? Ofisa misitu mmoja mwenye pikipiki isiyo na mafuta? Atakayeuona moshi wa kwanza ni mwanakijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kufaidi mapato yake. Kilwa walifanya hivyo, na mwaka 2009 misitu ya vijiji vyao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC. Shinyanga, iliyokuwa ikiitwa jangwa, mradi wa HASHI ulioanza 1986 uliwarudishia watu ngitili zao za asili, na zaidi ya hekta 300,000 zikaota tena. Ndege waliokwisha sahaulika wakarudi. Dawa ilikuwa mwenye ng'ombe kujua kwamba malisho yale ni yake.

Ila kwenye misitu ya serikali, vijiji vingi kwa miaka mingi vilipewa kazi ya ulinzi bila kuambiwa fungu lao ni lipi. Mlinzi asiye na fungu, moto ukiwaka atakimbia kuokoa mihogo yake kwanza. Utamlaumu?

Kwa hiyo, kijana, ukikutana na mbunge au diwani wako, usimwombe fulana wala kofia. Muulize haya matatu. Fedha za kuzuia moto zinafika wilayani mwezi gani, Mei au baada ya majivu? Vijiji vinavyopakana na misitu ya serikali vina mkataba ulioandikwa fungu lao? Na sehemu zilizokwisha ungua, nani amekabidhiwa kuzilinda hadi miti iote tena?

Akikujibu kwamba serikali inalishughulikia, mwulize tarehe. Moto tarehe yake tunaijua.