Kondoo Yupi Atupe Nyama Bora?

Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimepewa heshima ya kusema machache kabla hamjakata shauri juu ya fedha za chama: je, tununue madume ya Dorper, au tubaki na kondoo wetu wekundu wa Kimasai?

Kwanza tupatane juu ya kipimo. Kondoo wa nyama hapimwi kwa ukubwa wa umbo lake malishoni, bali akiisha kuchinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo. Wa kilo 30 akibakiza kilo 15, tumepata nusu. Akibakiza 12, mwenye bucha atatulipa kwa hizo 12 tu. Kisha hutazamwa kama mapaja na kiuno vimejaa, na mafuta yamekaa wapi.

Kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni nchi ya Wasomali, huweka mafuta mengi matakoni na mkiani. Mwekundu wa Kimasai naye huweka akiba yake huko. Mafuta hayo ni tunu kwa mama aliyejifungua, lakini mnunuzi wa mjini hutaka mnofu. Dorper alipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930, kwa kuchanganya Dorset Horn na huyo Mwajemi. Hukua upesi, mapaja yake hujaa, na mafuta yake hutandaa vizuri juu ya nyama. Buchani hushinda.

Lakini kondoo aliyekufa zizini hafiki buchani. Majaribio yaliyofanywa Diani, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba penye unyevunyevu minyoo inyonyayo damu humdhuru Dorper kuliko mwekundu, na kundi la wekundu lilileta faida zaidi. Penye ukavu tofauti ilikuwa ndogo.

Kwa hiyo nashauri madume machache ya Dorper yapewe wanachama wa nyanda kavu, nao wakaao penye majimaji wabaki na wekundu. Tena kila boma litenge majike wekundu wasiochanganywa, kwani tangu miaka ya 1970 mchanganyiko umewafanya wekundu halisi kuwa adimu. Dume la kigeni hununuliwa tena. Mbegu ya wazee wetu ikiisha, haina soko. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wazee, neno la mwisho ni lenu.