Viatu na Pedali: Achague Vipi Mwendesha Baiskeli Anayeanza?

Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, mtu mzima anayenunua baiskeli kwa ajili ya afya au safari ya kazini hukabiliwa upesi na swali moja: je, mguu ufungwe kwenye pedali au uachwe huru? Dukani jibu hutolewa haraka, nalo aghalabu huwa la gharama. Barabarani, jibu lisilofaa hulipiwa kwa goti linalouma, au kwa kuanguka mbele ya magari.

Kwa miaka mingi, waendeshaji wa mashindano walifunga miguu yao kwa vishikio vya chuma na mikanda ya ngozi. Aliyetaka kushuka alilazimika kuinama na kuulegeza mkanda kwa mkono. Mwaka 1984, kampuni ya Look ya Ufaransa, iliyokwisha kujulikana kwa vifungo vya viatu vya kutelezea thelujini, ilileta pedali inayokinasa kiatu kwa kukanyagwa tu, na kukiachia kisigino kinapozungushwa kwenda nje. Mwaka uliofuata, Bernard Hinault alizitumia pedali hizo na kushinda Tour de France. Mwaka 1990, kampuni ya Shimano ya Japani nayo ikatoa mfumo wa SPD kwa baiskeli za milimani.

Hizo ndizo koo mbili zinazomkabili mnunuzi hadi leo. Ya kwanza ni ya viatu vyenye matundu matatu chini ya soli. Kipande kinachonaswa na pedali, yaani kliti, ni kikubwa, cha plastiki, nacho hutokeza nje. Mguu hutulia vyema katika safari ndefu, lakini anayetembea na viatu hivyo sakafuni huteleza, na kliti huchakaa mapema. Ya pili ni ya matundu mawili. Kliti yake ni ndogo, ya chuma, nayo huzama ndani ya soli ya mpira. Mvaaji hupanda ngazi za ofisi bila shida. Aidha, pedali zake nyingi hunasa kiatu kwa pande zote mbili. Kwa anayeanza, na hasa anayekwenda kazini, ya pili ndiyo yenye manufaa zaidi. Jambo la kuhakikisha ni kwamba kiatu, kliti na pedali vinaoana, kwani viatu vingi vya ukoo mmoja havipokei kliti za ukoo mwingine.

Ama kuhusu goti, hapo ndipo penye hatari isiyoonekana. Pedali huzungushwa maelfu ya mara kwa safari moja, na kliti iliyofungwa upande huulazimisha mguu kurudia kosa lile lile kila mzunguko. Ndiyo maana kliti nyingi huacha nafasi ya kisigino kuyumba kidogo. Katika kliti za Shimano za matundu matatu, za njano huruhusu nyuzi 6, za buluu nyuzi 2, na nyekundu haziruhusu hata kidogo. Anayeanza na aina hiyo hana sababu ya kuzikimbilia nyekundu. Kliti ifungwe chini ya sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, na mguu uelekee jinsi unavyoelekea mwenyewe mtu anapotembea. Goti likianza kuuma, kliti irekebishwe, maumivu yasivumiliwe.

Hatari nyingine ni kusimama. Wageni wengi wa pedali hizi huanguka baiskeli ikiwa imekwisha kusimama, mguu ungali umenaswa. Dawa yake ni kulegeza springi ya pedali kwa spana ndogo ya pembe sita, kufanya mazoezi kwenye majani huku mkono ukishika ukuta, na kuuchomoa mguu mmoja kabla ya kuzifikia taa za barabarani.

Je, vifaa hivi ni vya lazima? La. Nguvu kubwa ya kuendesha baiskeli hutokana na kusukuma pedali kwenda chini, wala si kuivuta juu. Kwa safari fupi za mjini, pedali bapa zenye meno na kiatu chenye soli imara vinatosha, na fedha itakayobaki inaweza kununua taa na kofia ya kinga.

Anayeamua kununua viatu na avijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa amevaa soksi za safari. Vidole viwe na nafasi ya kucheza, na kisigino kisinyanyuke. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini jembe lao halikufungwa mguuni. Kwa kiatu cha baiskeli, anayechagua kwa utulivu ndiye atakayeendelea kuendesha.